Mama Mdogo wa Kanku

"Kwa amri ya Mkuu wa Kambi, wakazi wote wanajulishwa ya kwamba kuanzia Jumatatu ijayo kila mbwa atavaa shingoni kisahani cha bati chenye namba ya kazi ya mwenye mbwa. Nyumba moja haitafuga mbwa zaidi ya mmoja. Mbwa asiye na kisahani atachukuliwa kuwa hana mwenyewe, naye ataondolewa."

Tangazo hilo lilisomwa mwaka 1956 mbele ya ghala la posho, katika mojawapo ya kambi za wafanyakazi wa migodi zilizozunguka Kolwezi. Lilisomwa kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, na watu wakalisikiliza kwa adabu wanayolipa tangazo lolote lisilogusa posho. Kampuni ilikuwa na desturi ya kutangaza mambo madogo kwa heshima kubwa. Mambo makubwa hayakutangazwa, yalitendeka tu.

Ili amri itekelezwe, ilibidi mbwa wahesabiwe, na ili wahesabiwe ilibidi mtu aingie uani mwa kila nyumba. Hilo lilikuwa geni. Watu wa kambi walihesabiwa ofisini: mwanamume alisimama mbele ya meza na kitabu chake cha kazi, akaulizwa juu ya mke na watoto, akajibu, jibu likaandikwa. Mbwa hawana kitabu cha kazi wala hawajibu. Kwa hiyo karani Barnabé Kisimba, mtu wa kaskazini ya Katanga, mwangalifu, mwenye viatu vilivyopigwa rangi kila asubuhi, alianza kupita nyumba kwa nyumba akitazama chini ya meza na nyuma ya majiko.

Nyumbani kwa Tshibangu, mfanyakazi wa kiwanda cha kuoshea madini, hapakuwa na mbwa. Palikuwa na mke wake, Kabedi, aliyekuwa akichekecha unga, na msichana wa miaka sita hivi aliyekuwa akifukuza kuku wasiukaribie. Barnabé alikwisha kugeuka aende zake. Kisha akageuka tena, kwa sababu penseli ilikuwa bado mkononi.

"Mama Kabedi, huyu mutoto ni wa nani?"

"Ni wa dada yangu wa Rodezia, tata. Jina yake Kanku."

"Na alikuya lini?"

Kabedi aliendelea kuchekecha. Jirani yake, Mama Fidélie, aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ua, alimsaidia kwa moyo mwema kabisa. "Ah, Tata Barnabé, ule ni mutoto wa hapa. Alifika angali mu mugongo. Leo yeye njo anatutuma siye, hatumutume tena."

Kanku alicheka, na jino lake la mbele, lililokuwa limelegea, likatikisika. Barnabé naye alitabasamu, akaandika. Hakuandika kwa ubaya. Kanuni ilisema kwamba mgeni hukaa kambini mwezi mmoja kwa kibali, na karani aliyeona mgeni wa miaka sita asiye na kibali hakuwa na mahali pengine pa kumweka isipokuwa kwenye karatasi. Kabla ya juma kwisha Tshibangu aliitwa ofisini, akaambiwa kwamba mtoto yule arudishwe kwa wazazi wake Rodezia kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo atasindikizwa mpaka mpakani.

Tshibangu alisema ndiyo, bwana. Alitoka, akasimama kando ya barabara, na wenzake waliopita wakielekea zamu walimsalimu mara mbili kabla hajaitika. Mtoto yule hakuwa wa shemeji yake. Alikuwa wake.


Watoto wawili wa kwanza wa Kabedi walizaliwa katika nyumba ya uzazi ya kambi, ndani ya shuka nyeupe. Walipimwa kwenye mizani, wakaandikwa, mama yao akapewa sabuni na kitambaa cha zawadi, na wote wawili wakafa kabla ya kuota meno. Katika matanga ya pili mama yake Kabedi alifika kutoka Kasai, na alipokuwa akiondoka alitoa maagizo ya upande wake. Watoto hawa wametangazwa mno, alisema. Wa tatu azaliwe mahali ambapo hakuna anayekujua. Asihesabiwe, wala asiitwe wako, mpaka meno ya utotoni yaanze kuanguka; hapo kifo kitakuwa kimekwisha kuzoea kwamba huna mtoto, nawe utaweza kumdai.

Ndivyo Kabedi alivyokwenda Nkana, kule Rodezia, kwa dada yake Laurentine, tumbo likiwa bado halijaonekana, na kurudi na mtoto aliyemwita wa Laurentine. Mtoto alipoanza kusema, alifundishwa kumwita mama yake mama mudogo. Kila mwaka Tshibangu alipoulizwa ofisini kama ana watoto alijibu kwamba hana, akatia sahihi. Alikuwa Mkristo, mwimbaji wa sauti ya chini kanisani, na kama angeulizwa angesema kwamba hayaamini mambo hayo. Hakuulizwa. Kama mtoto aliishi kwa sababu ya hila hiyo au kwa sababu ya maziwa, hakuna awezaye kusema. Aliishi, na mbele ya wazazi waliokwisha kuzika mara mbili hiyo ilikuwa hoja ya kutosha.

Jioni hiyo alimpa mkewe habari za ofisini. Kabedi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamimina unga asonge bukari, ugali wa chakula cha jioni, maana maji yalikuwa yamechemka.

"Kesho nitaenda kusema ni wetu," Tshibangu alisema.

"Jino haiyaanguka."

"Inatikisika."

"Kutikisika haiko kuanguka, Tshibangu."

Alimwambia kwamba mwezi hautasubiri jino. Kabedi akamuuliza kama yeye aliwahi kumbeba mtoto aliyekuwa akipoa. Tshibangu hakuwahi, kwa sababu wanaume walikuwa wakiitwa baadaye, mtoto akiwa tayari amefunikwa. Walikula. Kanku alikula upande mmoja wa mdomo, akilinda jino lake.


Ofisi ya kambi ilikuwa imezoea uongo wa aina moja tu. Mtu aliyeandikisha mtoto alipata posho ya mtoto, na kwa hiyo kulikuwa na wanaume walioandikisha wapwa, ndugu wadogo, na hata mtoto wa jirani aliyeazimwa kwa asubuhi moja. Ofisi ilijua kuukamata uongo huo na ilijivunia ujuzi wake. Haikuwahi kukutana na mwanamume aliyeficha mtoto wake mwenyewe na kuacha posho yake ghalani miaka sita. Kwa hiyo, Tshibangu alipoeleza, Mkuu wa Kambi alimsikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayeutambua wimbo kabla haujafika kwenye kiitikio. Alifungua kitabu cha kazi na kumwonyesha sahihi zake. Hapa hakuna mtoto, hapa tena hakuna, na hapa. Leo, msichana amefikia umri wa kuingia masomo na ameamriwa kuondoka, ghafla yupo. Kama kweli ni wake, alete hati ya kuzaliwa kutoka kule alikozaliwa.

Barnabé, aliyekuwa akitafsiri, alimfuata nje.

"Tata Tshibangu, mi ninakuheshimu. Lakini batu banaongeza batoto. Weye njo wa kwanza kupunguza. Hiyo mi nitaiandika wapi?"

"Andika ile niliyosema."

"Niliandika ile uliyosema. Miaka yote. Ile njo inakufunga."

Siku iliyofuata Tshibangu alimpelekea kuku. Barnabé alimtazama kuku, akamtazama Tshibangu, akamwomba amrudishe, kwa upole, kama mtu anayerudisha kofia iliyosahauliwa. Tshibangu alipita kambini kwa mara ya pili akiwa na kuku yuleyule kwapani, na watu walioketi milangoni wakaelewa, kila mmoja kwa namna yake, kwamba jambo lake ni baya.

Barua iliandikwa kwa ofisi ya serikali kule Rodezia, kwa msaada wa katekista aliyejua Kiingereza. Jibu lilikuja upesi kuliko ilivyotazamiwa, na lilikuwa la adabu. Lilisema kwamba kule sheria haiwalazimishi wenyeji kuandikisha uzazi, kwamba kwa sababu hiyo hakuna mahali pa kutafuta, na kwamba ofisi haiwezi kuthibitisha wala kukanusha kuzaliwa kwa mtoto aliyetajwa. Mwandishi alimalizia kwamba anabaki kuwa mtumishi mtiifu wa Tshibangu. Tshibangu aliuliza mtumishi huyo anatakiwa afanye nini. Katekista akamweleza kwamba hayo ni maneno ya kumaliza barua tu.

Laurentine naye alituma neno kwamba yuko tayari kuja kushuhudia, lakini cheti cha kuvuka mpaka kingechukua muda mrefu kuliko muda aliobakiwa nao Kanku. Ilibaki njia moja. Barnabé, ambaye tangu habari za kuku alikuwa akijihisi ana deni, aliwaambia kwamba Bwana Administrata, mtawala wa wilaya aliye mjini, ana uwezo wa kutoa hati inayoshika mahali pa ile ya kuzaliwa, kama akiridhika na maneno ya wazazi na ya shahidi asiye ndugu. Siku ilipangwa. Ilibidi apatikane shahidi.


Kabedi alivuka ua kwa Mama Fidélie wakati wanaume wako kazini. Kwa miaka sita wanawake hawa wawili walikuwa wameazimana chumvi, makaa na mchi. Mmoja alikuwa amemkanda mwenzake mgongo wakati wa uzazi. Kabedi alikaa kwenye kigoda, akasema alichokuja kusema, macho yakiwa kwenye mikono yake.

Fidélie alikuwa akimenya mihogo na hakuacha kumenya.

"Nilipozala Agnès," alisema, "njo weye ulinishika. Ulinipangusa. Na ulikuwa unajua kama na weye uko na mutoto, na ukaniacha nikuonee huruma."

"Haikuwa weye nilikuwa ninafichia, Mama Fidélie."

"Najua ni nani ulikuwa unafichia. Lakini mi pia nilikuwa pale."

Kabedi alimwomba aende naye kwa Administrata, aseme kwamba aliiona mimba. Fidélie alikataa bila hasira. Ataapa juu ya msalaba, alisema, na juu ya msalaba atasema alichokiona: mwanamke aliyekwenda safari na kurudi na mtoto. Ataongeza kwamba mtoto analelewa vizuri kuliko wengi wa kambini. Kabedi akamuuliza hilo litasaidia nini.

"Sijue. Lakini nitaenda, usiende peke yako."

Alimpa mihogo ya kupeleka nyumbani. Kabedi aliipokea, kwa kuwa kuikataa kungekuwa neno jingine zaidi, na maneno yalikuwa yamekwisha kuwa mengi.


Asubuhi ya siku iliyopangwa walikwenda kwa miguu mpaka mjini, Manika, kwenye ofisi ya Administrata, Tshibangu mbele katika koti lake la kanisani, Fidélie na rozari, Kabedi nyuma akimshika Kanku mkono. Nyumba za kambi zilipokwisha na njia ilipoingia kwenye majani marefu, Kabedi alipunguza mwendo mpaka wengine wakatangulia. Akainama karibu na sikio la mtoto.

"Kanku. Leo, Muzungu akikuuliza, sema mi njo mama yako."

Mtoto aliendelea kutembea, akilisukuma jino lake kwa ulimi.

"Na kesho?" aliuliza.

Kabedi alifungua kinywa. Wakati huo Tshibangu aligeuka na kuwaita, akisema kwamba Wazungu hawapendi kusubiri. Huko Manika walisubiri barazani mpaka jua lilipowafikia miguuni.

Bwana Administrata hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoka likizoni, alikuwa na mashauri mengi, na alikuwa na heshima ya kweli kwa ushahidi. Aliamini kwamba ukweli, ukiulizwa kwa utaratibu, hujitokeza. Alikuwa amemwomba Barnabé afike kutafsiri, kwa kuwa alijua habari yenyewe. Administrata alianza na Tshibangu, akamsomea sahihi zake. Tshibangu alizikubali zote. Kisha akamgeukia Kabedi na kumuuliza, kama alivyouliza wanawake wengi mbele ya meza ile: amezaa watoto wangapi, wamekufa wangapi, wanaishi wangapi.

Barnabé alitafsiri swali. Kabedi hakusema. Barnabé alilitafsiri tena, polepole, akidhani hakusikia. Kabedi alimtazama Kanku, aliyekuwa amesimama karibu na mlango. Fidélie, kwenye benchi, aliacha kuhesabu punje za rozari.

"Ni batatu," Kabedi alisema. "Babili balikufa. Moja anaishi. Njo ule, wa ku mulango. Nilimuzala mi mwenyewe, kule Nkana, mu nyumba ya dada yangu. Mi njo mama yake."

Tshibangu aliinamisha kichwa. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia akiitaja hesabu hiyo. Barnabé aliitafsiri kwa maneno machache kuliko yale yaliyosemwa, kwa kuwa Kifaransa cha ofisini hakikuhitaji zaidi, na Administrata akaandika tarakimu tatu, moja chini ya nyingine.

Fidélie aliapa. Aliulizwa kama aliiona mimba, akasema hapana. Aliulizwa kama, kwa miaka yote hiyo, Kabedi alimwambia mtoto ni wa nani. Akasema, wa dada yake. Aliulizwa mtoto humwita Kabedi nani. Akasema, mama mudogo. Alitaka kuongeza kwamba mtoto analelewa vizuri, na aliongeza, lakini kalamu ilikuwa imekwisha kuwekwa chini.

Mwishowe Administrata alimwita mtoto mwenyewe. Alifanya hivyo kwa wema. Alizunguka meza, akachuchumaa ili uso wake usimtishe, akauliza kwa Kiswahili chake.

"Mama yako ni nani?"

Kanku aliwatazama wote mmoja mmoja. Alikuwa mtoto mtiifu. Alikuwa amefundishwa tangu kusema kwake kwamba wageni wakiuliza kuna jibu moja, na njiani leo alikuwa amepewa jingine, na hakuna aliyemwambia lile la kwanza lilikwenda wapi. Alitafuta namna ya kutokumkosea yeyote.

"Leo balisema niseme ni huyu," alisema, akimwonyesha Kabedi.

Administrata alimgusa kichwa, akamshukuru, akarudi kitini. Hakukasirika. Watoto wengi walikuwa wamefundishwa maneno kabla ya kuletwa mbele yake, na huyu angalau alikuwa mkweli. Tshibangu aliomba kusema tena. Aliruhusiwa, akasema kila kitu upya tangu mazishi ya kwanza, na kadiri alivyosema ndivyo habari yenyewe ilivyozidi kufanana na ile ambayo mtu angeitunga. Kabedi alikuwa amemvuta Kanku mbele yake na kumkumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, mbele ya watu.

"Mama mudogo," mtoto alinong'ona, "unaniumiza."


Uamuzi uliletwa kambini baada ya juma moja. Barnabé angeweza kumwita Tshibangu ofisini, lakini aliuchukua mwenyewe mpaka nyumbani, akavua kofia, akakataa kiti. Kabedi alisimama mlangoni. Barnabé alisoma kwa Kifaransa kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa, kisha akausoma kwa Kiswahili, bila kuinua macho.

"Baada ya kusikiliza wanaohusika na mashahidi, na kwa kuwa hakuna hati yoyote ya kigeni iliyoletwa, imeamuliwa kama ifuatavyo. Mtoto hawezi kubaki bila hati. Hati ya kuzaliwa imetolewa, nayo imeambatanishwa hapa: Kanku, msichana, alizaliwa Nkana, Rodezia ya Kaskazini, kwenye mwaka 1950, mama: Laurentine; baba: hakutajwa. Hati hii inathibitisha kuzaliwa. Haitoi haki ya kukaa. Kwa kuzingatia malezi mema yaliyoshuhudiwa, mtoto anaruhusiwa kubaki nyumbani kwa mama yake mdogo kwa muda wa miezi mitatu. Muda huo unaweza kuongezwa, kwa ombi la wazazi wake."